Tuliposimama kwa Meza Yako

Kombewa,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mwanangu Gordon,

Pokea salamu za mama yako. Sisi hapa tuko, tunamshukuru Nyasaye, Mungu wetu. Baba yako anakusalimia, goti linamsumbua mvua ikija lakini kwa ng'ombe bado anaenda. Dani, nyanya yako, anakusalimia, kila jioni anauliza kama umekula. Seline, mke wa ndugu yako, atakusalimia mwenyewe, na mtoto wao Sydney ameota meno. Na wewe, unalala? Sauti yako kwa simu ilikuwa ya mtu amechoka sana, na mimi nimechoka pamoja na wewe.

Bado nafikiria ile siku ya soko Otonglo. Mtu amesoma miaka yote hiyo, chuo kinamvalisha fulana na kumpa kipaza sauti, atangaze masomo katikati ya dagaa wa omena na mitumba! Ulinieleza kwamba wakubwa wapya wanaita wanafunzi wateja, na somo likikosa wateja linafungwa, mwalimu anaenda nyumbani. Mama Debra, muuza samaki mwenzangu, akauliza kama hiyo historia unayofundisha ina nyongeza kama omena. Ulicheka, lakini mimi niliyekuzaa niliona ni mdomo tu ulicheka.

Sasa unasema ofisi imekusimamisha kazi, ati uliwapelekea majina ya wanafunzi hewa. Walipiga namba zilizoandikwa kwa meza yako siku ile, zikashikwa na kina mama wasiojua chochote cha chuo. Unasema ni Wepukhulu, mwalimu mwenzako, alikufanyia hivyo, na salamu zake hupokei tena.

Gordon, mwache Wepukhulu. Ni mimi.

Unajua sisi watu wa soko. Mwenzetu akikosa wanunuzi, tunasimama kwa meza yake, tunashika-shika samaki, tunauliza bei, mpaka wapita njia waone hapa kuna watu. Siku ile ulipoenda kunywa chai, niliita kina mama, tukajaa kwa meza yako. Msichana wa ofisi akaomba majina na namba za simu, tukampa, hata Mama Debra ambaye kalamu hajawahi kushika. Nilidhani tunakuvutia wateja. Sikujua huko kwenu hata anayesimama tu anahesabiwa.

Niko tayari kuja kwa hao wakubwa niseme kwa mdomo wangu. Lakini naogopa kukuharibia mara ya pili, kwa hivyo nangoja neno lako. Kwa Wepukhulu usingoje, nenda leo mpatane.

Baba yako hajui. Ukiwa na hasira, andika na hiyo hasira, lakini Seline anayekuletea hii asirudi mikono mitupu. Nimemwambia akae hapo mlangoni mpaka umpe jibu.

Ni mimi mama yako,
Rachael