Nyumba Moja, Anwani Moja

Jumapili, 3 Machi 2019
Kibaraza changu kimejaa tena. Vichwa vimeinama, kila mtu na simu yake. Tangu nifunge hii ruta ya intaneti nimekuwa maarufu kijiji kizima cha Utende! Paswedi nilimpa Kidawa, jirani yangu, wiki ile ile ya kwanza. Naye akaigawa mtaa mzima. Nilipolalamika alicheka: jirani hanyimwi moto, shoga, kwani huko kwenu bara hamwombani? Nikaacha wagawane. Ndiye aliyeniuguza malaria nilipokuwa sijui mtu hapa.

Jumatatu, 4 Machi
Balaa hotelini! Kuna mtu kaandika kwenye tovuti yetu, pale wageni wanapoacha maoni: boti ya hoteli inatia nanga juu ya matumbawe, ndani ya eneo la hifadhi lililofungwa, na maboya ya kufungia boti yapo. Kajiita Mtoto wa Chole, ghuba yetu hii. Wageni wameanza kufuta safari. Meneja anafoka tangu asubuhi, na mimi wa mapokezi nimejibu simu mpaka sauti imekauka.
Na si uongo — sote tunajua. Nahodha wa boti ni Mfaume, mume wa Kidawa. Anaamrishwa kutia nanga pale ili wageni wasiogelee mbali.

Jumatano, 6 Machi
Rabson, wa kompyuta, kaniita pembeni. Tovuti inaweka anwani ya kila anayeingia, namba tu. Yale maoni yaliandikwa Jumamosi jioni. Jumamosi hiyo hiyo nilifungua barua pepe ya kazini nikiwa nyumbani. Anwani ni ile ile!
Nikaapa si mimi. Anasema anaamini. Lakini simu zote za kibarazani kwangu, iwe moja, ziwe ishirini, zikiingia mtandaoni zinaonekana kwa namba moja, ya ruta. Wa nje anaona mlango, haoni nani kapita. Na mlango ni wangu. Nikamuuliza, meneja ameshaambiwa? Ameshaambiwa. Ahsante, Rabson!
Nimefika nyumbani, nikazima ruta, nikaiwasha, labda namba itabadilika. Namba imebadilika kweli. Inanisaidia nini? Ile ya Jumamosi wanayo tayari. Nikabadilisha na paswedi. Kibarazani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kujifungia mlango wakati mwizi keshaondoka, ndiko huku.

Alhamisi, 7 Machi
Kidawa kaja na sahani ya mihogo ya nazi. Anauliza wamenikosea nini. Nikamweleza yote. Akakaa chini.
"Ni mimi," akasema.
Mfaume siku hizi hali chakula, anasema. Baba yake alikuwa akimkataza hata kuyakanyaga matumbawe yale, leo anayavunja kwa nanga. Basi Kidawa akaona aandike yeye. Mfaume hajui.
"Lakini jina langu sikuweka, shoga. Wamejuaje ni kwako?"
Nikamweleza habari ya anwani. Mara mbili. Akasema basi atakwenda mwenyewe kwa meneja. Akainuka kabisa, akafika mlangoni. Pale akasimama — na Mfaume je? Akarudi kukaa. Wakimjua mke, mume hana boti tena, na nyumba ile inamtegemea yeye peke yake. Wasipomjua, anayefukuzwa ni mimi.
Nina hasira naye! Nina hasira hata na mihogo yake, na nimeila yote. Sahani bado iko kwangu. Hairudishwi tupu, na sina cha kuweka.

Jumamosi, 9 Machi
Jana meneja katoa neno la mwisho: leo asubuhi nitaje jina au nirudishe funguo za kazini, niende zangu. Rabson alijaribu kumwambia anwani inaonyesha nyumba tu, haionyeshi mtu. Akaambiwa anyamaze. Akarudi kwenye kompyuta zake. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.
Sasa hivi hodi. Nafungua — Mfaume! Katumwa na pikipiki ya hoteli aje kunichukua.
"Shikamoo."
"Marahaba, dada Viki. Meneja anasema leo atampata huyo mtu, yaishe."
Kasema huku anatabasamu, maskini. Hajui lolote. Nyuma yake Kidawa kasimama mlangoni kwao, pindo la kanga kaling'ata. Ananitazama. Hatikisi kichwa, haniashirii chochote. Angalau angeniomba!
Nimemwambia Mfaume asubiri nivae viatu. Viatu nimeshavaa. Nimekaa kitandani naandika, na sijui nikifika pale nitafungua mdomo niseme nini. Namwogopa meneja. Kurudi kwetu mikono mitupu kunaniogopesha zaidi.
Mfaume anaita kutoka kibarazani. Anasema mtandao wangu unamkataa, na anataka kumtumia meneja ujumbe kwamba amenipata. Paswedi mpya ni ipi?
Nimemtajia kupitia dirisha, herufi moja moja. Anaiandika taratibu, kwa kidole kimoja.
Imekubali, anasema.