Muntu wa Kunitwika

Lubumbashi, mutaa wa Kenya
Tarehe 2, mwezi wa tatu, 1974

Kwa Yaya Rabia, ku Pweto,

Salaam aleikum. Nakusalimia kama muntu wa nyumba moja, hata kama miaka saba imepita bila karatasi katikati yetu. Mwili iko muzima? Macho je? Biashara ya samaki inatembea? Ukiuliza afya yangu, nitajibu: niko, napumua, Mungu asifiwe.

Yaya, habari ya kifo ya bwana yangu Asumani ilikufikia, najua, juu Mulenga, dereva wa kamyo ya samaki, njo aliileta kwako. Alilala na homa siku ine, ya tano hakuamuka. Eda yangu ilikwisha juma hili. Kesho yake tu mudogo yake Feruzi alikuya. Siku hizi anataka bamuite Sitwayen Feruzi, mwananchi, kama bakubwa ba Chama. Akakaa mu kiti ya kaka yake, akasema: "Shemeji, lupango hii, nyumba na kiwanja, ni ya familia. Wewe hauna mutoto hapa. Mwisho wa mwezi wa ine, bibi yangu anaingia." Sikubisha. Nimepata chumba moja ku mutaa wa Katuba.

Sasa niko nafunga bintu. Sikujua nyumba inazaa bintu namna hii. Kila kartoni nafunga, nageuka naona ingine mbili zinaningoja. Kamba imenichubua mikono, magoti inalia kama mulango ya zamani. Naenda Katuba na muzigo moja ku kichwa kila asubuhi, narudi, nafunga tena.

Njo sababu ya kuandika: kabati kubwa ya marehemu. Aliitengeneza mule mu chumba wakati wewe njo ulikuwa bibi yake peke yako, na haipite ku mulango. Niliizunguka yote, sikuona musumari hata moja. Feruzi anasema niiache ama niipasue na shoka. Wewe ulimuona akiifunga. Inafunguka namna gani?

Mambo ya zamani tuyaache kwanza.

Mudogo yako,
Feza


Pweto, tarehe 14, mwezi wa tatu, 1974

Feza,

Aleikum salaam. Anayeandika ni mwalimu Nkandu, mama jirani yangu, juu unajua mimi na kalamu hatukuzoeana. Yeye pia njo alinisomea ya kwako. Mukono ni yake, maneno ni yangu.

Niko muzima. Samaki iko, chumvi njo inakosekana. Pole kwa musiba. Asumani alikuwa fundi. Mikono yake ilijua mbao kuliko ilijua bantu. Mungu amupokee.

Kabati haina musumari. Iko na bijiti bine nyuma, bibili juu, bibili chini. Alibikata sawa na mbao, njo maana haubione. Pitisha kidole polepole, utabigusa. Ondoa kwanza kichwa ya kabati, kisha milango, kisha ugonge bijiti kutoka ndani, usigonge kutoka nyuma. Na uandike alama na makala ya jiko ku kila mbao. Kama sivyo, kule Katuba utabaki na kuni.

Sasa sikia ya mwili, juu miaka saba nasimamia bantu banapakia kamyo. Usiiname na mugongo. Chutama, kumbatia muzigo, inuka na miguu. Funga kitenge nguvu chini ya tumbo. Bintu bizito ubebe asubuhi, byepesi muchana. Kartoni ya sahani usiijaze mupaka juu. Kinu usikibebe ku bega: bega ikishatoka, hairudi sawa. Ukimaliza kazi, tia mikono mu maji ya moto na chumvi, ulale chini, miguu juu ya kiti.

Na kintu moja nauliza, unijibu. Nani anakutwika? Muzigo ya kichwa haipande yenyewe.

Yaya yako,
Rabia


Lubumbashi, tarehe 23, mwezi wa tatu, 1974

Kwa Yaya Rabia,

Salaam aleikum, na salamu nyingi kwa mwalimu Nkandu. Natumaini barua inakukuta na nguvu, na ile chumvi imepatikana. Hapa tuko bazima.

Mersi mingi. Kabati ilifunguka. Kijiti cha ine kilikataa, nikakiimbia wimbo ya arusi mupaka kikatoka. Alama ya makala niliandika, kila mbao na namba yake.

Uliuliza nani ananitwika. Usihangaike. Majirani beko, unabajua bantu ba hapa. Adolphine wa pembeni anakuya kila asubuhi, ananitwika, tunacheka kidogo, naenda. Bwana yake Floribert atatoa kigari yake ya kusukuma siku ya kitanda. Mugongo iko sawa. Kazi inatembea kama ngoma.

Mudogo yako,
Feza


Pweto, tarehe 4, mwezi wa ine, 1974

Feza,

Aleikum salaam. Niko muzima. Sikuulize hali, juu hali yako imenifikia mbele ya barua yako.

Mulenga alirudi jana. Anasema alikuona ku barabara ya Katuba, karibu na bomba ya maji, umekaa chini pembeni ya sanduku, unaomba bapita-njia bakutwike, na bantu banapita. Alipiga honi. Ulimuangalia, ukajifunika uso na kitenge. Aliposhuka, ulikuwa umekimbia mu lupango ya bantu, sanduku umeiacha barabarani. Alingoja. Haukutoka. Alisogeza sanduku ku kivuli ya ukuta, akaenda.

Adolphine anayekutwika kila asubuhi alikuwa wapi?

Feza, sikukuuliza ili nikutege. Andika ukweli, ama usiandike. Mwalimu Nkandu anachoka kusoma uongo kwa sauti.

Yaya yako,
Rabia


Lubumbashi, tarehe 10, mwezi wa ine, 1974

Kwa Yaya Rabia,

Salaam aleikum. Sijui kama nimebaki na uso ya kukuuliza hali. Nauliza hivyo hivyo: uko muzima?

Nilikudanganya. Hakuna muntu wa kunitwika. Adolphine hajaingia mu nyumba hii tangu siku ulitoka. Tunasalimiana ku ukuta, "Jambo, mama", "Jambo, mama", inakwisha. Kigari ya bwana yake iko pale, hatua kumi kutoka mulango yangu. Naiona kila asubuhi nikitoka na muzigo, na siwezi kuiomba. Acha niseme sababu yake. Mwalimu Nkandu anisamehe, juu yeye njo atasoma hii kwa sauti.

Siku ile Asumani alikupa talaka, alienda ku muskiti, akasema akirudi asikukute. Ulitoa bintu byako peke yako, mara ine, mara tano, mupaka ku barabara. Mi nilikuwa jikoni. Sanduku ya mwisho ilikushinda. Ukaniita. Ulisema: "Feza, kuya unitwike."

Nilisikia, Yaya. Usifikiri sikusikia. Nilichukua mikono yangu yote mbili, nikaitia mu beseni ya unga na maji, ili ukiingia niseme: angalia, niko nakanda, mikono iko na buchafu. Uliita tena. Niliendelea kukanda. Haukuingia. Kisha nilisikia mulango ya pembeni inafunguka, na sauti ya Adolphine: "Inama kidogo, mama." Nikachungulia ku dirisha. Alikutwika, ukaenda. Yeye akageuka, akaniona. Akafunga mulango yake. Mupaka leo hajaitaja siku ile.

Sikukuchukia. Hiyo njo inaniuma. Ulinipokea mu nyumba yako, ulinionyesha jiko, hata dawa ya tumbo ulinichemushia. Niliogopa tu: nikikushika mukono, Asumani atasema tuende wote wawili. Na unga ile, nilitengeneza maandazi. Alikula, akasema ni tamu.

Sasa ya mwili. Kinu nilikibeba ku bega. Ulikataza, na mi nilikibeba, juu hakukuwa muntu wa kushika upande mwingine. Kintu ilikatika mu kiuno, kinu nikakiacha pale pa mulango. Sisimami sawa, natembea kama muntu anatafuta sindano. Na nikiinua kintu, mukojo inatoka. Siku ya Mulenga nguo yangu ilikuwa imelowa, njo maana nilikimbia. Mulenga ni muntu muzuri. Sikutaka anikaribie anisikie harufu.

Nimemaliza. Siku zimebaki kidogo na nusu ya nyumba bado iko ndani.

Feza


Pweto, tarehe 19, mwezi wa ine, 1974

Feza,

Aleikum salaam. Mwili iko. Roho, ngoja nikuambie.

Nkandu alisoma mupaka pale "kuya unitwike", akakunja karatasi.

Nikasema: "Soma."

"Mama Rabia, pengine hii tumalize siku ingine."

"Mimi njo niliita. Soma."

Alisoma mupaka mwisho, kisha akaenda kunawa uso.

Niliita mara tatu, Feza, si mbili. Ya tatu niliita na sauti ndogo, pengine njo hiyo haukusikia.

Sitakudanganya kama haikuniuma. Adolphine alinitwika pale ku mulango, lakini kule kamyo zinapakia hakukuwa Adolphine. Niliinua sanduku peke yangu, bega ya kuume ikatoka. Mupaka leo mukono haipite sikio. Nkandu njo ananisuka nywele. Sisemi ili ulie. Nasema juu wewe umesema, na mi siwezi kubaki nimefunga mudomo.

Na mi pia niko na haya yangu. Mulenga alipohadithia vile ulikaa barabarani unaomba bantu, nilicheka. Nilicheka mbele ya soko yote, nikapiga mikono, nikasema: "Mungu halali!" Bamama ba samaki balicheka na mimi. Kisha nikarudi ku kazi, napanga samaki, nikaiacha nusu. Nilijiuliza: wewe Rabia, umekuwa muntu gani?

Sitakuya kukuhamisha. Bega haiwezi, na samaki inaoza. Lakini sikia. Usiinue tena kintu, hata ndoo. Ile ya mukojo ni ugonjwa, si aibu. Bamama bengi beko nayo, banaificha mupaka inabamaliza. Enda ku hopitali, useme kwa munganga bila kuzunguka.

Lakini kwanza enda kwa Adolphine. Usitume muntu. Usibebe zawadi. Mwambie vile uliniambia mimi, na ile beseni ndani yake.

Yaya yako,
Rabia


Lubumbashi, Katuba
Tarehe 6, mwezi wa tano, 1974

Kwa Yaya Rabia,

Salaam aleikum. Bega yako inaamukaje? Siku hizi nikiamuka naifikiri yenyewe kwanza, mugongo yangu kisha.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilikaa nayo siku mbili. Ya tatu nilienda. Adolphine alikuwa amekaa pa mulango anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilisimama vile naweza, nimepinda. Nilisema yote. Hakuinua kichwa. Alichambua majani mupaka ikakwisha mu kikapo.

Kisha akasema: "Nilifikiri siku utasema, utasema haukusikia."

"Nilisikia."

"Najua ulisikia. Ulikuwa na unga mupaka ku kiwiko. Muntu hakande namna ile." Akasukuma kikapo pembeni. "Miaka saba nakusalimia na sijui nasalimia nani. Na mi nilikosa. Ningekuya kukuuliza siku ile ile." Akapangusa mikono. "Unahama siku gani?"

"Jumamosi."

"Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi ya lazima ya Chama, batatuandika kama hatuko. Tutakuya kisha salongo."

Balikuya moja kwa moja kutoka kufagia mitaro ya Chama, matope ku miguu: Adolphine, Floribert na kigari, na bamama batano ba kanisa yao. Balitoa nyumba yote mbele ya saa kumi. Mbao za kabati chini, kitanda juu, Floribert anavuta, bamama banasukuma. Mi nilitaka kushika hata birika. Adolphine akaninyanganya: "Wewe utembee."

Nilitembea nyuma ya kigari kutoka mutaa wetu wa Kenya mupaka Katuba, mikono mitupu. Bantu bote ku barabara banatuangalia. Wale bamama hawanijui. Moja ni muzee kunipita, alikuwa na kinu changu ku kichwa na jasho inaingia mu macho, na hakuwa na mukono ya kupangusa. Nilitaka barabara ifunguke inimeze. Ningebeba kinu ile mara kumi kuliko kumuangalia akiibeba. Nilimupangusa uso na kitenge yangu. Akasema, "Mersi, mutoto yangu," na mi nikalia ovyo, mbele ya bantu.

Ku Katuba Floribert alifunga kabati kufuata namba za makala. Adolphine alikaa juu ya kartoni, akaomba maji, akakunywa, akaomba tena.

Munganga nilimuona. Nilisema bila kuzunguka, na muuguzi aliandika tu, hakucheka. Munganga alinipa dawa, na nisiinue kintu miezi mitatu. Kama haiponi, batanipasua.

Yaya, nilifikiri nikishasema, haya itatoka kama usaha ya jipu. Haikutoka. Iko, nakula nayo, nalala nayo. Sikuombi usahau. Chumba iko ndogo, kabati imekula nusu, kitanda ni moja, dirisha inaangalia ukuta. Nilitaka tu ujue nimefika.

Mudogo yako,
Feza


Pweto, tarehe 17, mwezi wa tano, 1974

Feza,

Aleikum salaam. Umefika, mersi kwa Mungu, mersi kwa Adolphine. Umusalimie kwa jina yangu. Dawa unywe yote, usiache katikati ukisikia nafuu.

Nkandu anaandika mbio, juu Mulenga amewasha kamyo.

Mwezi wa saba samaki inapungua. Nitapanda na Mulenga, nikuye kusomea Asumani fatiha ku kaburi. Niko pia na maneno yangu ya kumwambia, na hatanikatiza. Ku mutaa wa Kamalondo, kule kule Lubumbashi, kuko bantu ba Pweto banaweza kunilaza. Nitalala kwako.

Sisemi nimesahau. Nasema nitalala kwako. Usikope mukeka kwa majirani, usihangaike kutandika chini. Tulikuwa bibi ya bwana moja miaka mitano, Feza. Kitanda moja haitatushinda.

Yaya yako,
Rabia