Baba Yeremia, Tumeigawa Gramafoni Yako

Baba Yeremia wangu,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usishangae. Tangu uende naingia masomo ya watu wazima, na mwalimu wangu ni binti mdogo anayeniamkia shikamoo kwanza ndipo anikosoe. Herufi zikipinda, vumilia. Wewe ulijua kuandika na hukuniandikia hata siku moja.

Leo ukungu umeshuka mpaka mlangoni, sioni hata migomba, nami nimekaa naiona Tanga ya siku zile. Miaka yote kule kwenye kiwanda cha mbao ulikuwa unasema umeme ukifika kwetu Lushoto utanunua muziki wa kweli. Umeme ukafika, tukashuka Tanga kununua. Dukani ukawa kama mtoto. Uliinama mbele ya gramafoni, ukaweka sarafu juu ya sahani inayozunguka, uone kama itatetemeka. Ikatulia, ukatabasamu peke yako. Halafu ukaiendea amplifaya kubwa, ile mashine ya kukuza sauti, yenye vifungo vya kung'aa.

"Hii ina nguvu, mama," mwenye duka akaniambia. "Mtaa mzima utasikia."

"Mtaa mzima umenituma?"

Ukanikanyaga mguu. Sikunyamaza. Nikamwambia mwenye duka aondoe santuri yake ya ngoma, aweke ya mwanamke mmoja anayeimba peke yake, maana ngoma hata ukiipiga kwenye debe itasikika. Akajaribu spika moja baada ya nyingine. Kwenye zile kubwa yule mwanamke aliimba kama kafungiwa ndani ya pipa. Kwenye zile ndogo za mbao, Baba Yeremia, alivuta pumzi kabla ya kuanza, nami nikageuka kumtazama. Hapakuwa na mtu.

"Hizi," nikasema.

Nawe ukaiacha ile amplifaya kubwa, ukachukua ndogo. Uliiwekea kiganja juu kama unampima mtoto homa. "Haichemki," ukasema. "Tutazeeka nayo."

Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unafungua madirisha. Sauti inatoka, inazama kwenye ukungu, inarudi laini, na mimi namenya viazi sijui niko jikoni au niko mawinguni. Nilikuwa nakugombeza upunguze. Nilikuwa nagombeza ili usijue nasikiliza.

Tulipomaliza matanga, ukoo ukakaa kugawa vitu vyako. Ndugu yako akataka mtambo wote aende nao Korogwe. Nikapandwa na hasira. Unajua siku hizi kila mkutano ni usawa, usawa. Nami nikasimama mbele ya wazee: "Kama ni kugawa, tugawe sawa kwa sawa!" Wakanipigia makofi. Basi ndugu yako akapewa amplifaya, mwanao Yeremia gramafoni, binti yako Elina spika moja, na mimi moja. Nikaondoka nayo kichwani kwa maringo. Nikaiweka mezani. Kimya.

Hakuna anayeweza kupiga chochote. Yeremia yake kaifunika kitambaa cha kufuma, wageni waione. Elina kaweka kopo la maua juu ya spika, na maji yanamwagika! Nimewagombeza mpaka koo limekauka, walete vyote kwangu. "Mama, hiki nilipewa na ukoo." Ndivyo wanavyonijibu, watoto niliowabeba mgongoni. Na ndugu yako ndiye mjeuri kuliko wote: "Shemeji, si wewe uliyetaka usawa?"

Ni kweli. Ni mimi. Neno hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Juzi nilifumba macho nikamtafuta yule mwanamke wa kwenye santuri, anavyovuta pumzi. Sikumpata. Nikatafuta tena. Hapo nikaogopa, Baba Yeremia. Nitakaa na haki yangu mezani mpaka niwe kiziwi?

Kwa hiyo kesho asubuhi nashuka Korogwe kwa basi. Spika nimeifunga kwenye kanga mbili. Nampa ndugu yako iwe yake kabisa, na nitasema mbele ya mkewe kwamba nilikosea. Watoto wameniambia mimi nikianza, nao watapeleka vyao. Mtambo utakuwa mzima, ingawa si kwangu. Nitaomba kiti tu, nikae nisikilize. Unanijua, sijawahi kumwomba mtu hata chumvi. Lakini kiti nitaomba.

Pumzika hapo kaburini, juu ya shamba la mibuni, majani nimeshapalilia.

Ni mimi mkeo, bibi wa wajukuu zako,
Mama Yeremia