Mkono wa Kushoto wa Chande

Temeke,
Dar es Salaam

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Vipi miguu yako? Na hapo kijiji kipya, maji yamesogea au bado mnayafuata bondeni? Mie mwanao mwili mzima, roho ndiyo inayochemka.

Unajua ofisi yetu inachunguza matende. Kadi za wagonjwa hutoka Kunduchi, Kipawa na Segerea, na kila karani alikuwa akiandika palipovimba kwa maneno ya kwao. Mmoja “mguu”, mwenzake “muundi”, wa tatu Kiingereza. Ukizichanganya, huambulii kitu. Ndipo nikabuni mchoro wa mtu, kila kiungo na namba yake. Mgonjwa anagusa panapouma, karani anaandika namba, basi. Kadi za kote zikaanza kusomeka pamoja.

Mtu yule wa kwenye mchoro ni kaka Chande. Alipokuja kunitembelea nilitandika karatasi za kaki sakafuni, akalala chali, nikamzungushia penseli toka utosini hadi nyayoni. Kidole chake cha sita, cha mkono wa kushoto, nacho nikakipa namba, thelathini na moja. Tulicheka sana. Nilikusudia kukifuta, nikasahau.

Mkuu wetu akauchukua mchoro, eti auangalie. Miezi ikapita. Nilipomuuliza akanijibu, “Ndugu Somoe, enzi hizi za Ujamaa kazi haina mwenyewe. Ni ya umma.”

Haya. Mchoro ukafanywa kitabu, kikatoka kiwanda cha chapa, na huyo umma jina lake limo jaladani, ni yeye peke yake! Ndani kaandika kwamba amechora kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. Mama, nilijifungia chooni nikalia.

Nilipotulia nikafungua ukurasa wa mikono. Kidole kimo! Na namba yake imo! Kanakili kila kitu bila kuhesabu. Ningeweza kumwambia. Nilifunga kitabu nikaenda kumchemshia chai, na sukari nikamzidishia.

Jumatano wakaja wakubwa kukipokea. Daktari mmoja, mama wa Kihindi, akapekua taratibu, akauliza, “Ndugu, thelathini na moja ni kiungo gani?” Mkuu akauinamia ukurasa. Akaninyooshea mie kidole: “Karani wangu huyu kakosea.”

Nikasimama. “Huo ni mkono wa kaka yangu,” nikasema. “Kama ni wake, auweke mezani tuuhesabu.” Aliuingiza mfukoni, wallahi!

Sasa anadai nimemzulia. Tumepewa hadi Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu. Nisipoleta ushahidi, kazi sina. Najua utaniambia nisamehe. Nitasamehe, mama, ila kwanza aumbuke, tena mbele ya wale wale, na mie nikiwa nimekaa kiti cha mbele namtazama usoni.

Nisalimie baba, mwambie vinyago vyake viwili bado viko dirishani kwangu. Nisalimie shangazi Mwanahawa aliyenilipia nauli ya kuja huku. Na bibi mkunga, yule aliyetaka kukifunga uzi kidole kile kidondoke, ukamfukuza ukisema Mungu hakukosea hesabu, mwambie nimemkumbuka.

Mpandishe Chande basi la kwanza litakalopita. Mkono ule anauficha mfukoni tangu shuleni, nami nilikuwa namwonea huruma. Mwambie safari hii aje nao nje.

Ni mimi mwanao,
Somoe