Baba Yetu Aliye Nairobi

Mombasa,
Mwezi wa nane, 1974.

Kwa mke wangu Wakesho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa karibu na moto, na ukungu wa Manga umeshaingia ndani bila hodi kama kawaida yake. Kikohozi cha binti yetu Kwamboka kimepungua? Na goti la mama je? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitakueleza.

Kwanza nicheke kidogo. Wewe Mtaita uko Manga unawafundisha watoto wa Kigusii kusoma, na mimi Mgusii niko huku karibu na kwenu natokwa jasho. Juzi nikirusha ndege kuelekea Voi niliiona milima yenu ikitokeza kwenye mawingu, nikaanza kutafuta migomba yetu na paa letu, mpaka sauti ya redio ikaniuliza niko wapi. Nusura nijibu niko nyumbani.

Tulikubaliana ukae na mama hadi nipandishwe cheo nirushe ndege kubwa, nihamie Nairobi, tupate nyumba. Habari ya leo ndiyo hiyo. Unajua kampuni yetu ndogo ni mali ya kampuni kubwa ya Nairobi. Meneja wetu hawezi hata kununua tairi bila kupiga simu huko. Tuliyavumilia hayo yote kwa sababu mkataba ulisema rubani wa ndege ndogo akitumika vizuri atapanda jeti kwa zamu. Mbele yangu alikuwa amebaki mtu mmoja.

Wiki iliyopita chama chetu cha marubani wa kampuni zote mbili kilituita kwenye banda la ndege. Katibu wetu, ambaye mwenyewe anarusha jeti, alisema kampuni kubwa inalia hasara, kwa hiyo chama kimekubali kulegeza mkataba. Jeti zitabaki kwa marubani wa Nairobi, na sisi tutabaki na ndege zetu ndogo, popote tutakapopangwa. Tukanung'unika. Akatutuliza kwa sauti ya kanisani.

"Ndugu zangu, kampuni kubwa ni baba yetu. Baba akisema chakula ni kidogo, watoto hawagombi."

Wakesho, nilicheka kwa sauti. Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuleta nyumbani, nikaita "Baba!" kuelekea jikoni, nawe ukajiweka sawa kumwamkia mzee wa kiume, akatoka mama na mwiko mkononi? Hukujua kwamba kwa Kigusii mama ndiye huitwa baba. Sikio langu halijapona hadi leo. Katibu aliposema baba, mimi nilimwona mama yangu. Akaniuliza kinachonichekesha ni nini, nikasimama.

"Kwetu baba ndiye anayepika, na sijamwona hata siku moja akila kabla ya watoto."

Wenzangu wa ndege ndogo walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Katibu naye akacheka, akasema Wakisii wana utani mzuri, kisha akaita kura. Wa jeti ni wengi kuliko sisi. Mikono ikainuka, mambo yakaisha, watu wakanywa soda.

Nimekasirika, sifichi. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, na kampuni ningeipisha. Lakini chama ni changu mwenyewe, nakichangia kila mshahara, na ndicho kilichonisukuma kando.

Kesho yake niliruka alfajiri, abiria wote wamesinzia. Mawingu yalikuwa yametandazwa chini yangu kama shuka iliyoanikwa, na kwa muda mrefu sikuona ardhi wala bahari. Nilikaa hapo kama mtu anayeota, nikajiuliza nilikuwa nataka nini hasa kwenye ile jeti. Nikaona ni nyinyi. Jeti ilikuwa njia tu ya kuwafikia.

Basi sitaingoja tena, nawe usiingoje. Shule ikifungwa, mchukue Kwamboka mje. Chumba ni kimoja, kina joto, na jirani yangu anakoroma, lakini kitatutosha. Shule za huku nazo zinatafuta walimu. Nimechoka kupangiwa hata siku ya kumwona mke wangu.

Nisalimie ndugu yangu anayetutunzia majani chai, na mwalimu mkuu wako, umwombe akuache uende kwa amani. Majirani tunaosali nao Sabato pia.

Na mama. Uliniandikia kwamba kila ndege ikipita juu ya Manga huacha kuchuma chai, akaipungia kitambaa chake, na kuwaambia wachumaji wenzake kwamba mwanawe yu karibu kuiendesha. Mwambie polepole, kwa Kigusii chako hicho cha kuchechemea, kwamba ndege ile haitakuwa yangu. Lakini usimwambie aache kupunga.

Mumeo akupendaye,
Nyakundi.