Farasi Mia Tatu wa Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Machi
Niko Shahe, soko la nguo la huku ugenini, tangu asubuhi. Fulana marobota manne. Laobani, yaani bosi wa duka kwa Kichina, akauliza lebo, nikamwambia kama kawaida: hizo L zishonee lebo za XXL, Moshi wanapenda kikubwa. Mgongo unauma.

Mchana ujumbe wa Elia, mdogo wangu mwenye gereji Moshi. Ile turbo niliyomnunulia hapa ameshaifunga kwenye gari la mteja. Karatasi yake inasema nguvu za farasi 300. Gari halikaribii hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nina hasira. Mteja anamwita Elia fundi uchwara mbele za watu. Elia! Anayejua injini inaumwa kabla mwenye gari hajashuka. Eti karatasi haidanganyi. Mia tatu kwa petroli gani? Kwenye injini gani? Imepimwa wapi, na nani? Haisemi. Namba tupu na mhuri mwekundu.

Alhamisi, 6 Machi
Mbaya zaidi. Elia anataka kuongeza presha ya turbo mpaka ifike hiyo 300. Injini itapasuka. Anajua, lakini jina lake linamuuma zaidi. Nimemwomba asubiri siku moja. Kesho soko la vipuri. Huyo aliyeniuzia turbo atanitambua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefoka mpaka wasukuma mikokoteni wakasimama kutazama. Muuzaji hakupandisha hata sauti. Akafungua simu, akanisikilizisha ujumbe wangu mwenyewe wa sauti, wa siku nilipoagiza turbo. Mimi huyo, nacheka: "Laobani, andika mia tatu, mteja anataka mia tatu."

"Dada, wewe sema mia tatu, mimi andika mia tatu."

Siku ile nilikuwa Shahe, nachagua lebo. Nikaagiza namba vilevile. Hakuna injini iliyopimwa popote. Nimejichukia. Mjinga mkubwa ni mimi.

Nikampigia Elia palepale, nikamweleza yote. Nikaomba apewe simu mteja. Kanitukana vizuri. Nimestahili.

Jumatatu, 10 Machi
Elia hakugusa presha. Amelipima gari kwa saa ya mkononi, kwenye mlima wa karibu na gereji, mteja kakaa pembeni yake. Kabla ya kufunga turbo alishalipima hapohapo: lilipanda kwa sekunde kumi na tisa. Sasa kumi na nne. Mteja kachukua gari lake, radhi hakuomba.

Elia kaniuliza jambo moja tu: "Dada, na zile fulana?"

Leo nimeingia Shahe na tepu ya kupimia shingoni.