Makofi ya Heru Juu

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Usiucheke mwandiko, viganja vinaniwaka moto. Leo sisi walimu wa Kasulu tumepelekwa Heru Juu, kuona mahali alipokaa Mwami, mfalme wa Waha wa zamani. Mwongozaji akatuelekeza: hapa mkubwa anasalimiwa kwa makofi ya taratibu, umeinama, na huachi mpaka aitikie. Kisha akaenda kumtafuta mama anayepatunza.

Mara tukaona mtu kaketi kwenye shamba la maharage, kavaa koti na kofia, ametugeuzia mgongo. Tukainama, tukapiga makofi. Kimya. Mwalimu mkuu akanong'ona, "Endeleeni, anatupima!" Tukapiga mpaka jasho likatutoka, na baridi yote ya huku.

Mwongozaji akarudi na mama mwenyewe. Mama akashika kiuno: "Jamani, hilo sanamu langu la kufukuzia nyani!"

Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshaliomba uhamisho wa kurudi Muheza. Lakini dada, kati ya wote niliowaomba, hilo peke yake halijakataa.

Mwambie mama aanze kukuna nazi.

Mdogo wako akupendaye,
Zubeda